Povu la Mtoto, Povu la Mtu Mzima

Huku Kilosa, mtoto akishikwa na degedege, wanawake wa mtaa humkimbilia. Mmoja humbeba, mwingine humfuta povu kwa kanga yake. Mtu mzima akianguka kifafa, watu walewale hurudi nyuma. Hata stendi ya Mikumi nimeona kijana akianguka karibu na jiko la mkaa la muuza chipsi, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa, "Msimguse, povu linaambukiza!"

Je, aliyerudi nyuma ana lawama? Wapo wanaosema hana: aliamini hivyo kwa dhati, na mtu hahukumiwi kwa asichokijua.

Mimi naona analo la kujibu. Degedege na kifafa vyote humtikisa mtu pale umeme wa ubongo unapovurugika. Degedege huja na homa, mara nyingi ya malaria. Kifafa hujirudia bila homa. Huweza kuletwa na jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, au minyoo michanga ya tegu wa nguruwe iliyofika kwenye ubongo. Wengine chanzo hakionekani. Wala si kila kifafa huangusha: yupo mwanafunzi anayeduwaa sekunde chache tu, akachapwa kwa kutosikiliza.

Lakini hata asiyejua haya amewaona akina mama hao. Miaka yote povu limewakaukia kwenye kanga, na hawakuambukizwa. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Tuliukubali kwa mtoto kwa kuwa tunamhurumia, tukaukataa kwa mtu mzima kwa kuwa kumkwepa ni rahisi.

Gharama yake ni makovu ya moto. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyakuta Mahenge, mkoani humuhumu Morogoro, alikoanzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960. Vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, viliwatuliza wengi.

Tunachodaiwa sisi ni kidogo zaidi: kumwondoa karibu na moto, kumlaza ubavu, kutomtia kitu mdomoni, kukaa naye hadi azinduke, zikipita dakika 5 bado anatikisika, kumpeleka hospitali. Hayo hayahitaji udaktari. Mama anayembeba mtoto wa jirani mwenye degedege ameshayaweza yaliyo magumu kuliko hayo.