Ujira wa Nyigu

Je, ukingo wa shamba usiopandwa chakula ni ardhi iliyopotea? Wengi wetu twajibu mara moja kuwa ndiyo. Tumelelewa kulisifu shamba lililofyekwa hadi mwisho wake, na majani yaliyoachwa pembeni twayaita uvivu. Yafaa tulipime upya jibu hilo.

Katika nchi za China, Thailand na Vietnam wataalamu walifanya majaribio kwa muda wa miaka minne katika majaruba ya mpunga, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2016. Kandokando ya majaruba ilipandwa mimea yenye maua, kama vile ufuta. Maji matamu ya maua hayo ni chakula cha nyigu wadogo mno, wasiouma watu, ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya wadudu wafyonzao utomvu wa mpunga. Basi adui huangamia kabla hajaanguliwa. Matumizi ya dawa za kuua wadudu yalipungua kwa asilimia 70, na mavuno yakazidi kwa asilimia 5.

Habari hii hatuitaji kwa ajili ya faida tu. Ndani yake mna swali la haki. Nyigu yule alikuwa akitufanyia kazi tangu zamani, wala hatukumlipa kitu. Tena tulimnyunyizia sumu pamoja na mwizi aliyekuwa akimwinda. Mwenye nyumba amfukuzaye mlinzi pamoja na mwizi, atamlaumu nani usiku ukiingia?

Wala nyigu hajui mpaka. Anyunyizaye dawa bila kiasi humwua msaidizi wa jirani yake. Apandaye maua humlisha mlinzi wa shamba la jirani pia. Hivyo jambo tulilodhani kuwa ni la mtu na shamba lake, kumbe ni la mtu na jirani yake.

Wako watakaosema kwamba mwenye nusu eka na watoto saba hana ardhi ya kupandia maua. Neno lao ni zito, nasi hatulipuuzi. Mwenye njaa haambiwi awanyime watoto wake ili awashibishe wadudu. Lakini juu ya tuta la jaruba mpunga hauoti. Hapo haipotei hata punje moja. Na ufuta wenyewe, ambao hapa Tanzania wakulima wa Lindi na Mtwara waujua sana, nao huvunwa. Ila si kila ua lifaalo, maana mengine huwalisha waharibifu pia. Hatuna budi kuchagua kwa busara.

Wengine watauliza kama ni wema kweli kumkirimu mdudu kwa kutaka faida. Wahenga walikwisha kujibu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuona aibu kwamba ukarimu humrudia mwenyewe. Aibu ni kula jasho la mtumishi, kisha kumnyima hata ukingo wa shamba.