Sikio Linaloitafuta Sauti ya Chini

Je, kupenda muziki mzuri kunamfanya mtu awe mwema? Sisi wa Didia tunaopenda muziki wa klasiki, nyimbo za watunzi kama Bach na Handel, tunaulizwa swali hili, pengine kwa utani: una faida gani muziki wa Wazungu wa miaka mia tatu iliyopita, wakati mpunga unangoja palizi? Swali ni la haki, tulijibu.

Tuanze na jinsi sikio linavyojifunza. Mtu akiisikia Aleluya ya Handel mara ya kwanza, husikia soprano tu, kwa kuwa iko juu. Akirudia, ataisikia besi inayobeba wimbo. Alto huisikia mwisho kabisa, maana hakuna anayetoka kanisani akiipiga mluzi. Lakini iondoe alto, wimbo mzima unapwaya. Kwa hiyo kusikiliza si kupokea kila kinachovuma. Ni kuitafuta sauti isiyojitangaza.

Hapo ndipo muziki unapogusa maisha yetu. Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni, wa kuni na samadi, kwa miaka mingi. Uvumi ukasema ni uchawi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa, kwa sababu waganga walidai kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kila mara sauti zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa ramli, ikisaidiwa na msemo wetu kwamba lisemwalo lipo. Ya chini ilikuwa ya mtu anayesema hana hatia. Walioua hawakuwa viziwi. Walisikia sauti moja tu.

Mtu atasema: hata mwenye mikono yenye damu anaweza kutokwa na machozi kwa wimbo. Ni kweli. Nabii Amosi aliwaonya Israeli kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo zao mahali pasipo na haki. Muziki peke yake haumwokoi mtu. Humzoeza kusikia, kutii anachosikia ni juu yake.

Historia ya huyo Handel inatuonyesha utii huo. Utunzi wake uitwao Masiya, ambamo Aleluya ile imo, aliuandika mwaka 1741 kwa muda wa siku 24 hivi. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Mapato ya siku ile yaligawiwa hospitali mbili na mfuko wa kuwalipia waliofungwa kwa madeni, na inasimuliwa kwamba wafungwa 142 waliachiwa. Wasikilizaji walitoka ukumbini, na mlango wa gereza ukafunguka. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo: wimbo uliosikilizwa vema huishia kwa jirani.

Mfalme Sulemani alipoambiwa aombe lolote, aliomba moyo wa kusikia, apate kuwaamua watu kwa haki. Hakuomba mali. Sisi tunaokaa karibu na machimbo ya dhahabu tunaelewa uzito wa chaguo hilo.

Basi, wapendwa, tusikilize kwa namna hiyo. Katika jumuiya zetu, aliyenyamaza aulizwe maoni yake kabla ya kikao kufungwa. Bibi anayeishi peke yake atembelewe mchana kweupe, watu wakiona kwamba ana wenzake. Na pale kisimani au kilabuni jina la mtu linapoanza kuchafuliwa, apatikane mmoja wetu wa kuuliza: yeye mwenyewe amesikilizwa? Sauti hiyo ni ndogo, tena haipigiwi makofi. Kijiji kikiikosa, kinapwaya, na mtu anaweza kufa.