Je, Muuzaji Ana Haki ya Kunyamaza?

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya muhula kufunguliwa, nilikuwa na baba yangu katika pikapu yake tukielekea Kampala. Nyuma tulikuwa tumepakia mikungu ya matoke kutoka Isingiro. Tulipokwisha kuipita Lyantonde na kuanza kupanda kilima, injini ilinguruma kwa nguvu lakini mwendo haukuongezeka. Baba akazidi kukanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele zaidi, gari likazidi kupungua kasi. Mara likashtuka, likabaki katika gia moja na kukataa kutoka humo, na taa ya hitilafu ikawaka. Tulijikokota hadi kandoni mwa barabara, tukakaa hapo hadi jua lilipozama.

Gari hilo halikuwa kuukuu. Baba alilinunua likiwa jipya, kwa mkopo wa benki, na lilikuwa limetembea kilomita 70,000 na ushei. Dhamana ya kampuni iliyomuuzia ilikuwa ya miaka 3, nayo ilikuwa imekwisha miezi 4 kabla ya siku ile. Fundi alipomwaga mafuta ya giaboksi, yalitoka meusi, yananuka kuungua, na ndani yake mna chenga za chuma. "Mzee, giaboksi hii imekwisha," alisema. Mpya ingegharimu zaidi ya shilingi milioni 20. Baba alikwenda kwa waliomuuzia, wakamjibu kwa adabu kwamba tarehe imepita.

Insha hii si malalamiko dhidi yao. Ninataka kujadili swali lililozaliwa nyumbani kwetu baada ya jibu lile, nalo ni hili: je, mtu aliyepatwa na hasara asiyoitazamia ana haki ya kuipitisha kwa mwenzake kwa kunyamaza tu?

Ili swali lieleweke, ni lazima niseme kidogo jinsi giaboksi ya otomatiki inavyofanya kazi. Mafuta yake si ya kulainisha tu. Ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, ndiyo yanayopoza, na shinikizo lake ndilo linalobana sahani za klachi zilizo ndani ili gia ishike. Sahani hizo zikilika, huteleza. Zikiteleza, huzalisha joto. Joto huunguza mafuta. Na mafuta yaliyoungua hubana vibaya zaidi, kwa hiyo sahani huteleza zaidi. Ni mduara wa uharibifu. Jambo muhimu kwa hoja yangu ni kwamba mafuta yakiwa baridi huwa mazito na bado yanabana kiasi. Gari bovu la namna hii linaweza kwenda vizuri asubuhi kwa muda, halafu likakusaliti likishapata moto na kukutana na mlima.

Fundi alilijua hilo. Alimwambia Baba kwamba akibadilisha mafuta na kufuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine yake, taa itazimika, na gari litaendeshwa karibu saa nzima bila kuonyesha kitu. "Anayenunua hujaribu kwa dakika 10," alisema. Siku chache baadaye akapatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa maziwa, aliyekuja na mwanawe wa kiume wa umri wa shule ya msingi.

Nakiri mbele ya wasomaji wangu kwamba mimi ndiye niliyemshauri Baba anyamaze. Mimi, msomi wa nyumba, nilimpa hoja tatu. Nitazieleza kwa nguvu zake zote, maana hoja ikidhoofishwa kwanza ndipo ijibiwe, jibu hilo halina thamani.

Hoja ya kwanza: mnunuzi ana macho. Hakuna anayemzuia kuja na fundi wake. Asipofanya hivyo, msiba wa kujitakia hauna kilio. Hoja hii ni ya zamani sana. Cicero, mwandishi wa Kirumi, aliandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo kuhusu mfanyabiashara aliyeleta nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani, lakini watu wa Rhodes hawajui. Awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Cicero anasimulia kwamba wanafalsafa wawili walitofautiana. Diogenes wa Babiloni alisema muuzaji ataje kasoro zile ambazo sheria inamlazimu kuzitaja, na mengine auze bila hila kwa bei nzuri awezayo. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kila kitu kiwekwe wazi, kwa sababu binadamu wote wameunganishwa na manufaa ya pamoja. Mimi nilisimama na Diogenes.

Hoja ya pili niliipata katika somo la uchumi. Mwaka 1970 George Akerlof, Mmarekani ambaye baadaye mwaka 2001 alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba kwa kuwa muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi haijui, mnunuzi hushusha bei anayokubali kulipa ili kujikinga. Nikamwambia Baba: "Mtu huyu ameshapunguza bei kwa sababu ya wasiwasi. Kasoro imeshalipiwa."

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi: Baba ana deni la benki na watoto wanaosoma, nami nikiwa mmojawapo. Wajibu wa kwanza wa mzazi ni kwa watoto wake, si kwa mtu asiyemjua.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, gari hili likimzimikia mtu yule usiku porini akiwa na yule mtoto wake, hoja zako zitakuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Lakini kukosa jibu siku ile si sawa na kushindwa kwa hoja. Watu wengi hunyamazishwa na huruma huku hoja zao zikiwa sahihi. Kwa hiyo nimezirudia zote tatu kwa utulivu.

Nikianza na ile ya macho ya mnunuzi, ni kweli kwamba muuzaji hana wajibu wa kutaja kila kitu. Mkwaruzo ulio mlangoni hauhitaji kutajwa, kwani unajitangaza wenyewe. Lakini giaboksi ya baba yangu ilikuwa tofauti, kwa sababu tungeifanya isionekane. Kufuta kumbukumbu ya hitilafu na kuzima taa si kunyamaza. Ni kuunyamazisha ushahidi. Unamwambia mtu atumie macho yake huku umeshampaka matope machoni. Cicero mwenyewe aliona kwamba kuficha si kukaa kimya tu, bali ni kutaka mwenzako asijue jambo unalolijua, ilhali analihitaji, ili wewe upate faida. Hata yule Diogenes niliyejificha nyuma yake alisema "bila hila". Wenzetu Waislamu pia wana kanuni iliyo wazi kuhusu jambo hili: katika sheria yao, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo, nayo hakuambiwa, ana hiari ya kurudisha bidhaa. Mila mbili zilizo mbali kiasi hicho zinakubaliana kwamba aliyeijua kasoro ndiye mwenye mzigo wa kuisema.

Kuhusu hoja ya bei, nilimsoma Akerlof nusu nusu. Makala yake haisemi kwamba ukimya unalipiwa na mambo yakaisha. Inaonyesha kwamba wasiwasi ukishusha bei, wenye magari mazuri hujitoa sokoni kwa kuwa hawalipwi haki yao, magari mabovu yanazidi kuwa mengi, na wasiwasi unaongezeka tena. Wasiwasi wa yule mfanyabiashara wa maziwa ulisababishwa na wauzaji waongo waliotutangulia. Kusema kwamba wasiwasi huo unatupa ruhusa ya kudanganya ni sawa na mwizi kusema kwamba mwenye nyumba ameshaweka kufuli, kwa hiyo amekubali kuibiwa.

Ile ya watoto bado inanisumbua, wala sitajifanya kwamba ni nyepesi. Wajibu kwa watoto ni wa kweli. Lakini jambo linalofuata kutokana na wajibu huo ni kwamba mzazi aombe, auze kilicho chake, ajinyime, azungumze na benki. Haifuati kwamba achukue kutoka kwa mzazi mwingine. Kama umaskini wa baba yangu ungehalalisha kumpitishia hasara mwuza maziwa, basi umaskini wa mwuza maziwa ungehalalisha naye kumpitishia mtu wa tatu, na huyo wa nne, hadi giaboksi ile mbovu izunguke nchi nzima ikifukarisha kila nyumba inayoingia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ningemlaani kwa haki yeyote ambaye angemuuzia baba yangu gari la namna ile.

Kutokana na haya nimefikia tofauti ninayoona kuwa ndiyo kiini cha suala lote: bahati mbaya si kosa, lakini inaweza kugeuzwa kuwa kosa. Giaboksi ilipokufa, huenda hakuna aliyetenda dhambi. Labda sahani zake zilikuwa na udhaifu tangu kiwandani. Labda pia ni mizigo yetu. Baba mwenyewe alikiri kwamba mara nyingi alilipakia gari lile zaidi ya tani moja iliyoandikwa, tena katika njia ya milima. Hasara ya namna hiyo humwangukia iliyemwangukia, na inauma. Lakini hatua moja tu ya ukimya wa makusudi ingetosha kuitoa katika orodha ya misiba na kuiingiza katika orodha ya maovu. Tangu wakati huo kungekuwa na mtu wa kulaumiwa, naye angekuwa sisi.

Mtu anaweza kuuliza: basi kampuni iliyokataa kumsaidia Baba ilikuwa na haki? Nadhani dhamana ni ahadi yenye mpaka, na miezi 4 nje ya mpaka ni nje ya mpaka. Kutengeneza bure ingekuwa ukarimu, nao hauwezi kudaiwa kama deni. Ukweli ni kitu kingine. Hauna tarehe ya kuisha, na mnunuzi anaudai hata baada ya dhamana zote kwisha.

Baba alimweleza mfanyabiashara yule kila kitu, akamwonyesha hata chupa ya yale mafuta meusi. Mtu yule alikaa kimya kidogo, akashukuru, akamshika mwanawe mkono, akaondoka. Gari lilinunuliwa mwezi mmoja baadaye na fundi wa mji mwingine, aliyeijua kasoro na kukata gharama yake yote kutoka katika bei. Fedha zilizobaki ziliishia benki.

Muhula ule sikurudi chuoni. Ninyi mliosoma nami mwaka wa kwanza mko mbele yangu sasa, na mara nyingine nikiwaona mkitoka katika ukumbi wa mihadhara ambao nami ningekuwamo, najisikia vibaya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina hakika kwamba ukweli hujiuza. Wetu ulipunguza bei. Lakini siku ile mtoto wa mwuza maziwa alipogeuka kunipungia mkono, niliweza kumpungia.