Mkono Juu ya Farasi

Je, mtu amkunaye na kumkanda farasi wake amtendea wema mnyama huyo, au ajifurahisha nafsi yake? Wengine husema swali hili halina jibu, kwa kuwa farasi hana kinywa cha kusema. Sisi twaona lina jibu, nalo lilipatikana kwa kuhesabu mapigo ya moyo.

Farasi wapendanao husimama wawili wawili, kila mmoja akimkuna mwenzake kwa meno, hasa mahali shingo ikutanapo na mgongo. Mwaka 1993 wataalamu wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walitoa habari za farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Mtu alipowakuna kwa mkono mahali hapo, moyo wao ulipiga polepole zaidi. Alipowakuna mahali pengine, haukupungua. Mkono ni ule ule, na kazi ni ile ile! Basi nia njema ya mwenye mkono haikutosha. Na wapanda farasi wangapi humpigapiga mnyama shingoni kwa kishindo, wakidhani wamempongeza?

Kwa hiyo twasema, mkono na uulize kwanza. Farasi akiteremsha kichwa na kulegeza mdomo wa chini, uendelee. Akilaza masikio nyuma, ukome. Tena mkono uliozoea mwili wa farasi hutambua upesi joto la mguu ulioanza kuvimba. Hapo na aitwe daktari wa wanyama, hata kama mwenye farasi amekwisha kuzoea kusifiwa kwa ukandaji wake.