Shoka la Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1-7

Habari ya shoka lililozama mtoni likaelea tunaikumbuka kwa sababu ya muujiza wake. Watoto wa katekisimu huipenda sana. Lakini ukiisoma taratibu utaona kwamba inaanza na tatizo la malazi. Wana wa manabii wanamwendea Elisha na kumwambia bila kuzunguka kwamba mahali wanapoishi naye pamekuwa padogo, hawaenei tena. Wanaomba ruhusa washuke mpaka Yordani, kila mmoja akate mti wake, wajijengee makao mengine. Elisha anawaruhusu. Mmoja wao anamsihi asibaki nyuma, aende pamoja nao, naye anakubali. Anakwenda.

Kabla ya kufika kwenye shoka, tukae kidogo na ombi lile. Hawa ni watu wa Mungu, wamezoea kuishi kwa kidogo, na bado wanasema wazi kwamba wamebanana. Elisha hakuwaambia waridhike. Hakuwakumbusha kwamba wako wengine wanaolala nje. Alilipokea neno lao kama lilivyo.

Sisi tuna msemo wetu, tutabanana hapa hapa, na ni msemo wa upendo. Msibani watu kumi na wanane hulala kwenye mkeka mmoja na hakuna anayelalamika. Harusini ni vivyo hivyo. Tatizo linakuja pale ukarimu wa siku mbili unapogeuka kuwa maisha ya miaka minane, na mwenye shida anaona haya kusema, kwa kuwa akisema ataonekana anawafukuza ndugu.

Nimeingia nyumba nyingi za watumishi hapa uwandani Sumbawanga, nyumba za halmashauri zilizojengwa karibu na zahanati au shule. Nyingi ni za vyumba viwili na sebule, zilichorwa kwa ajili ya mtumishi kijana anayeanza kazi. Kijana huyo anaoa, anapata watoto, anamleta mama yake mzee kutoka kijijini ili awe karibu na matibabu, kisha mdogo wake anachaguliwa sekondari ya kata na hakuna bweni. Nyumba inabaki ile ile. Katika nyumba moja ya namna hiyo, mwezi wa sita, nilikaribishwa sebuleni na muuguzi ambaye familia yake imefika watu wanane. Magodoro mawili yalikuwa yamesimamishwa ukutani nyuma ya mlango. Kamba ilifungwa kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, na kitenge kilichotundikwa juu yake ndicho kilichotenganisha upande wa bibi na upande wa wavulana. Binti wa miaka kumi na mitatu alikuwa anaandika kazi za shule jikoni, kwenye kile kibanda cha nje, daftari likiwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama yake aliniambia kwamba binti huvalia nguo za shule huko huko jikoni alfajiri, kabla kaka zake hawajaamka. Kisha akasema, kama anayetaka nisimwelewe vibaya: "Padri, si kwamba hatupendani."

Maneno hayo yamenikaa. Kwa nini mama anayelea watu wanane kwa mshahara mmoja ajihisi anapaswa kujitetea?

Nilipomtazama, alikuwa anapuliza jiko la mkaa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila aliyelala hapa mwezi wa sita na wa saba anajua baridi yake. Jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, madirisha yanazibwa kwa matambara, na watu wengi wanavuta hewa ile ile mpaka asubuhi. Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu. Unaua watu usingizini, na ndiyo sababu nasema hapa kama ninavyosema kanisani: jiko likishawaka lisilale nanyi ndani, hata likionekana limebaki majivu. Kifua kikuu nacho hupenda chumba kilichojaa na kisichopitisha hewa. Mmoja akikohoa usiku, wote wako karibu. Msongamano si suala la starehe.

Dunia ina vipimo vyake kuhusu jambo hili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, huhesabu kuwa nyumba imesongamana pale watu wanapozidi watatu kwa chumba. Uingereza, katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985, wanatazama pia staha: nyumba huhesabiwa imejaa ikiwa watu wawili wa jinsia tofauti wenye miaka 10 au zaidi, wasioishi kama mume na mke, hawana budi kulala chumba kimoja. Naipenda sheria hiyo kwa sababu imemwona yule binti wa jikoni. Sijui kama walioiandika walikuwa wanawaza Injili, lakini waliwaza kama watu wenye mabinti.

Na kwetu watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Rukwa ukiwa na watu milioni moja na kidogo. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.5. Katika miaka kumi mkoa umepata nusu nyingine ya watu wake. Tanuri za tofali zinawaka kila upande wa mji, Kizwite, Chanji, Katandala, bati jipya linang'aa kila msimu, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini nyumba za watumishi hazikui kwa mwendo huo, na mpangaji wa chumba kimoja anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hawezi kuhamia pakubwa kwa sababu tu amepata mtoto wa nne.

Kuna njia ambayo baadhi ya halmashauri za miji huko Uingereza huitumia, nami naiona ina busara. Familia iliyobanana katika nyumba ya halmashauri, ikisubiri nyumba yake ya kudumu inayoitosha, inaweza kupewa kwa muda nyumba kubwa zaidi. Wanapumua. Watoto wanasoma. Ile kubwa ya kudumu ikipatikana, wanahama tena. Kwa maneno ya hapa kwetu, wanaazimwa nyumba.

Ni jambo jema. Ila mtu aliyeishi muda mrefu atauliza mara moja: na wasipokumbukwa?

Swali hilo si la kukosa imani. Tunawakumbuka wapangaji wa Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za zamani za manispaa zilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa ahadi kwamba eneo litajengwa upya nao watarudi. Nyumba zilibomolewa. Watu wakatawanyika, kila mmoja akitafuta pa kupanga, na miaka ikapita kiwanja kikiwa kitupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza Serikali yenyewe ijenge. Wakala wa Majengo Tanzania akajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua, nyumba 656. Ahadi ilitimia, na aliyetimiza apewe heshima yake. Lakini hesabu muda. Mtoto aliyehama Kota akiwa darasa la kwanza alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha nne, au amebakiza kidogo, siku utepe ulipokatwa. Wazee waliohama wakiwa na nguvu zao walizeeka katika nyumba za watu.

Hapo ndipo ninapotaka turudi Yordani. Mtu mmoja alikuwa anakata mti, chuma cha shoka kikachomoka kikazama majini. Akalia. Hakulilia kazi iliyokwama, wala hakulilia aibu mbele ya wenzake. Alilia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Aliwaza sura ya yule aliyemwamini akampa.

Tumezoea kulisoma hilo kama fundisho kwa mwazimaji peke yake: tunza mali ya watu. Ni kweli, nitalirudia. Lakini anayeihamisha familia naye ameazima. Ameazima imani yao. Mama amekubali kufungua kamba ya kitenge, kufunga magodoro, kuwatoa watoto shule waliyoizoea, kuwaacha majirani wanaomjua, kwa sababu tu ya neno la ofisa aliyesimama mlangoni pake. Neno hilo likizama, nani analia? Natamani kusikia kiongozi mmoja akilia kama yule wa Yordani, akisema: ole wangu, ile imani niliazima.

Tazameni pia Elisha alivyokuwepo. Kama angekuwa amebaki nyumbani baada ya kutoa ruhusa, shoka lingebaki mtoni. Kwa kuwa alikwenda nao, aliposikia kilio aliuliza tu limeangukia wapi, akaonyeshwa mahali, akatenda. Hakumhoji kwanza kwa nini hakukaza mpini. Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wetu na kwa maofisa wa halmashauri zote za uwanda huu, Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, ni hili: mkiwahamisha watu, hata kwa wema, nendeni nao. Wapeni karatasi yenye saini inayoonyesha nyumba wanayoingia ni ya muda gani, kodi ni kiasi gani, na nani watamwendea muda ukipita. Mrudi kuwatembelea kabla hawajaja kupanga foleni ofisini. Karatasi ni kitu kidogo, lakini ofisa akihamishiwa mkoa mwingine yenyewe inabaki kabatini mwa mama.

Sasa na sisi Kanisa, maana ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea halmashauri. Imani ya Kikristo upande huu ilianzia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walipofika mwaka 1885. Miongoni mwa kazi zao za kwanza ilikuwa kuwapokea watu wasio na makao, hasa waliokombolewa utumwani na watoto yatima. Adrian Atiman, ambaye hospitali yetu pale mjini inabeba jina lake, mwenyewe alikuwa mtoto aliyeibwa huko Afrika Magharibi, katika nchi ya leo ya Mali, akakombolewa na wamisionari hao. Akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyenyang'anywa nyumba akawa mlango wa wengine kwa zaidi ya miaka 60. Kanisa lililoanza hivyo linawezaje kuwa na vyumba vilivyofungwa kwa kufuli, vinavyotunza viti vilivyovunjika, wakati mwanafunzi anavalia sare jikoni?

Hata majumbani tuna nafasi. Wako wazee ambao watoto wao wote wamekwenda Mbeya na Dar es Salaam, wamebaki wawili katika nyumba ya vyumba vinne. Zamani haikuhitaji mkutano: mabinti wa jirani walikwenda kulala kwa bibi, wakamchotea maji asubuhi, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Siku hizi tunaogopana, na hofu nyingine ina sababu. Mtoto hapelekwi kulala popote tu. Ndiyo maana nasema jambo hili lipitie jumuiya, lijulikane na wazazi wa pande zote mbili na mwenyekiti wa mtaa, na mtoto aulizwe yeye mwenyewe kama yuko radhi, tena aulizwe baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Na wewe unayeazimwa nyumba, neno langu ni fupi. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba ya muda isipangishwe kwa mwingine, isibomolewe ukuta bila kuuliza, na siku ya kuirudisha funguo zirudi zikiwa kamili na uwanja umefagiliwa. Wako watakaosema unajivuna kwa vyumba visivyo vyako. Waache waseme. Fungua madirisha, watoto walale.

Wiki hii katika jumuiya ndogo ndogo, baada ya sala, viongozi waulize nani amebanana. Majina yasitajwe mbele ya wote. Mwenye shida amfuate kiongozi faragha, au kiongozi amfuate yeye. Mwenye chumba kitupu naye aseme. Vigango vyenye nyumba ya katekista isiyokaliwa vilete taarifa ya hali ya paa na milango, ili fundi apande kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, na wanaume wenye mashoka wajiandae: mbao za kenchi tutazikata wenyewe, nami nitakuja.