Anzeni na Kazi ya Mtu Mmoja kwa Siku Moja

Wajukuu zangu wa Karagwe na Kyerwa,

Nawaandikia nyinyi mlioko shuleni mkiisubiri mitihani ya taifa, na nyinyi mliomaliza vyuo mkawa mnasubiri kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako siku hizi hata mwalimu mwenye cheti mkononi hupita kwenye mchujo. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na muda wa karatasi haumsubiri mtu. Nimefundisha hisabati hadi nikastaafu, na kuna swali moja ambalo nimeona vijana wengi wakilikimbia: watu kadhaa wanafanya kazi fulani kwa siku kadhaa, je, itaisha lini, na kila mmoja alipwe ngapi?

Msilikimbie swali hilo. Nyinyi mmekulia vibanjani, kati ya migomba na mibuni. Mmeona vibarua wakipimiwa ngwe asubuhi, mmeona msimu wa kahawa unavyowakusanya watu kuchuma na kuanika. Anayetunga swali hilo anauliza jambo linalofanyika nyuma ya nyumba zenu. Kinachowaangusha ni kukariri kanuni kabla ya kuielewa kazi yenyewe.

Nasaha yangu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kabla hujafanya lolote, tafuta mtu mmoja anafanya kiasi gani kwa siku moja.

Tuchukue mfano. Kaka mkubwa anaweza kupalilia kibanja peke yake kwa siku 12. Mdogo wake anakimaliza kwa siku 18. Vijana wengi hapa hujumlisha 12 na 18, wakagawa kwa mbili, wakapata 15. Simama ufikiri. Ikiwa kaka peke yake anamaliza kwa siku 12, itakuwaje akiongezewa msaidizi achukue siku 15? Jibu linalopingana na akili lifute hapohapo, hata kama kalamu imelifikia kwa hesabu safi.

Sasa fanya hivi. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 18, nacho ni 36. Gawa kibanja katika ngwe 36 zinazolingana. Kaka anamaliza ngwe 3 kwa siku, mdogo ngwe 2. Wakiwa pamoja ni ngwe 5 kwa siku. Umeepuka sehemu ngumu, na kazi yote unaiona kwa macho.

Swali linaendelea: wamefanya pamoja siku 4, kaka akaondoka. Mdogo atamaliza lini, na malipo ya shilingi 108,000 yagawanywe vipi? Kwa siku 4 wamemaliza ngwe 20. Zimebaki 16, na mdogo kwa ngwe 2 kila siku atazimaliza kwa siku 8. Kaka amepalilia ngwe 3 kila siku kwa siku 4, yaani 12. Mdogo amepalilia ngwe 2 kila siku kwa siku 12, yaani 24. Kila ngwe ni shilingi 3,000. Basi kaka anapata 36,000, mdogo anapata 72,000.

Litazameni jibu hilo vizuri. Mwenye nguvu zaidi amepata nusu ya fedha za mwenzake, na ni haki. Malipo hayafuati ukubwa wa umri wala kasi ya mikono. Yanafuata kazi iliyofanyika. Swali lisiposema wazi kwamba watu wana kasi sawa, usigawe fedha kwa kuhesabu siku tu. Hesabu kazi.

Pale swali linaposema watu wote wana kasi sawa, pima kwa saa za mtu mmoja. Watu 8 wakifanya saa 6 kwa siku 5, wametumia saa 240 za kazi. Watu 10 wakifanya saa 8 kila siku, wanatoa saa 80 kwa siku, kwa hiyo kazi ileile itaisha kwa siku 3. Huna haja ya kukumbuka uzidishe wapi na ugawe wapi.

Liko swali jingine ambalo vitabu hulitoa kwa matanki na mabomba. Wenzetu wa machimbo ya bati huko Kyerwa wanalijua kwa jasho. Shimo limejaa maji. Pampu ingeyamaliza kwa saa 4 kama maji mapya yasingeingia. Lakini maji yanayochuruzika yangelijaza shimo tupu kwa saa 12. Gawa shimo katika sehemu 12: pampu inatoa sehemu 3 kwa saa, maji yanarudisha sehemu 1. Kinachopungua kweli ni sehemu 2, basi shimo litakauka kwa saa 6. Anayebomoa kazi hupewa alama ya kutoa. Hesabu ni ileile.

Na jihadharini na mtego huu. Wingi wa watu hupunguza siku za kuchuma kahawa, lakini haupunguzi siku za kuikausha. Ikiwa kahawa ya maganda inahitaji wiki mbili za jua kali kwenye mkeka, ukiwaweka vibarua kumi waigeuze bado jua ni lile lile. Kabla ya kuzidisha, jiulize kama kazi hii inaongozwa na mikono ya watu au na kitu kingine.

Kwa mnaokwenda kwenye usaili, jueni pia sheria ya nchi yenu, maana hesabu ya ujira imo ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Wiki 52 mara saa 45, ukigawa kwa miezi 12, unapata saa 195 kwa mwezi. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawa kwa 195 utapata kama shilingi 718 kwa saa. Mwenye mshahara wa 195,000 analipwa 1,000 kwa saa. Akifanya saa 50 wiki hii, anastahili 45,000 na juu yake saa 5 za 1,500, jumla 52,500. Kijana anayeijua hesabu hii hapunjwi kirahisi.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wazima wakipunjwa. Mnaijua butura, ile ya kuuza kahawa ingali mtini. Serikali imeipiga marufuku, lakini njaa ya miezi ya kabla ya mavuno inaijua njia ya kurudi. Tuseme mtu amepewa shilingi 60,000 mwezi Januari, aje kulipa mwezi Juni kwa gunia ambalo siku hiyo lina thamani ya 150,000. Amelipa 90,000 juu ya 60,000, yaani asilimia 150 kwa miezi mitano, asilimia 30 kila mwezi. Hakuna aliyemtajia asilimia hiyo, na yeye hakuketi kuihesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi shikeni haya. Kila jioni fanyeni maswali matatu, si thelathini, na kila hatua iandikwe. Someni swali mara mbili, mpigie mstari kinachoulizwa: ni siku, ni watu, au ni fedha? Andikeni kipimo kando ya kila namba. Mkipata jibu, lirudisheni kwenye swali muone kama kazi yote inatimia na kama fedha zote zimekwisha bila kubaki wala kupungua. Mkiwa wawili, mmoja atatue, mwenzake amweleze kwa mdomo kwa nini jibu ni sahihi. Anayeweza kueleza amejua.

Nendeni kwenye mitihani bila hofu. Na siku mtakapokuwa nyinyi ndio mnaowapimia wenzenu ngwe, mwiteni kila mmoja kwa jina, mhesabu alichofanya, na mumlipe chote kabla jua halijazama. Mungu awatangulie.