Nyumba, Hesabu na Hati

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, katika mji wetu wa Mombasa wako wengi waiogopao riba, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini baadhi yao wakisha kuepukana nayo hudhani kwamba dini haina tena la kuwaambia juu ya mali. Hutoa akiba ya miaka mingi wakanunua nyumba kwa maneno ya dalali tu, kisha hasara ikiwafika husema ni majaliwa. Sivyo! Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia, si kabla.

La kwanza, yampasa mtu ajue ni kitu gani anunuacho. Hapa pwani, mwenye nyumba si lazima awe ndiye mwenye ardhi. Katika mitaa kama Majengo ziko nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba humlipa kodi ya ardhi. Anunuaye nyumba ya namna hii amenunua kuta na paa. Na mwenye ardhi akiuza au akiitaka ardhi yake, mnunuzi huingia katika mashaka. Muuzaji anyamazaye juu ya jambo hili amemghushi mwenziwe, na mnunuzi asiyeuliza amehatarisha haki ya wanawe.

Enendeni basi katika afisi ya usajili wa ardhi mkatazame: mwenye ardhi ni nani, na je, haikuwekwa rahani? Msitosheke na nakala iliyo mkononi mwa dalali. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametuamuru kuandika deni na kushuhudiza mauzo. Sheria ya mwaka 1908 ilipowataka wenye ardhi za pwani walete madai yao yaandikwe, wako ambao hawakuleta, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Uchungu wake wajukuu wauonja hata leo.

La pili ni hesabu. Tuseme nyumba yauzwa shilingi 6,000,000, na kodi yake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Dalali atasema: kwa mwaka ni 360,000, yaani 6 katika kila 100. Toeni kwanza miezi miwili isiyo na mpangaji, 60,000. Toeni tena kodi ya kaunti, rangi, mabati na mabomba, tuseme 60,000. Imebaki 240,000, nayo ni 4 katika kila 100, na rasilmali itarudi kwa miaka 25. Tena ushuru wa stempu katika miji ya Kenya ni 4 katika kila 100 ya thamani: pato la mwaka mzima limekwenda kabla mpangaji hajaingia. Hatusemi msinunue; twasema pimeni kwanza.

La tatu ni fedha ya kununulia. Mabenki yafuatayo Sharia yalianza kazi Kenya mwaka 2008. Katika njia zao uko ushirika wenye kupungua: benki na mteja hununua nyumba pamoja, mteja hulipa kodi ya fungu la benki, na huku hulinunua fungu hilo kidogo kidogo hata nyumba ikawa yake. Njia hii ni njema ukiwa ni ushirika wa kweli. Lakini jina la Kiarabu halihalalishi kitu. Ulizeni: nyumba ikiungua, ni nani abebaye hasara ya fungu la benki? Mteja akichelewa, faini yaenda kwa maskini au yawa pato la benki? Ikiwa hasara yote ni ya mteja na faini ni pato la benki, basi hilo ni deni lenye ziada lililovikwa kilemba.

Na asiyepata njia ya benki, na ashirikiane na nduguze, fungu la kila mmoja liandikwe mbele ya mashahidi, ili wasije wakagombana siku ya mirathi.

Chumba kimoja cha halali chenye hati safi ni bora kuliko ghorofa inayomnyima mwenyewe usingizi. Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atujaalie uangalifu katika kuilinda. Amin.